Kujifunza Kazi Upya Katika Mpaka wa Malaba

Katika semina na mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu mabadiliko, msemaji huanza kwa kumwambia msikilizaji kwamba anaogopa. Humwambia kwamba amebweteka, kwamba ameridhika na raha ndogo aliyo nayo, na kwamba akithubutu kutoka katika mazoea yake atayaona mafanikio. Mimi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha katika mpaka wa Malaba, kati ya Uganda na Kenya, upande wetu wa Uganda wilayani Tororo, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, na nililazimika kuibadilisha kazi hiyo nikiwa mama mwenye watoto wa kusomesha. Ninaandika kwa sababu maelezo hayo ya woga hayafanani na yaliyonipata. Kilichonishika mguu kilikuwa ujuzi. Nilikuwa ninaijua kazi yangu vizuri mno, na kuambiwa niiache njia niliyoijua kulikuwa sawa na kuambiwa niitupe mali niliyoichuma kwa miaka mingi.

Msomaji asiyeijua Malaba anapaswa kwanza kuelezwa ujuzi huo ulikuwa wa namna gani. Mzigo wa Uganda unaoshushwa melini katika bandari ya Mombasa husafiri zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, ukipita Nairobi na Eldoret, hadi kufika kwenye mto unaoitenganisha Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda. Zamani malori hayo yalifika kwetu yakiwa na bidhaa ambazo ushuru wake haujalipwa, kwa hiyo kazi yote ilianzia pale yaliposimama. Dereva alishuka na bahasha mkononi, na ndani yake mlikuwa na hati ya shehena, ankara ya muuzaji na orodha ya vifurushi. Wakala alizipokea, akazilinganisha, akajaza tamko la forodha, akaenda benki kulipa, akarudi kumtafuta ofisa wa ukaguzi, akasimama naye nyuma ya kontena wakati lakiri inakatwa, na mwisho akapata hati ya kuuachilia mzigo. Lori moja liliweza kukaa siku kadhaa, na katika siku hizo madereva na utingo wao walikula, walilala na kubadilisha fedha mjini kwetu. Nilijua ni saa ngapi foleni ya benki hupungua, ofisa yupi hutaka ankara iwe juu ya hati nyingine, na dereva yupi akisema kwamba karatasi zote zipo ni lazima bahasha yake imiminwe mezani na kuhesabiwa upya. Vijana waliokuwa wakianza kazi walitumwa kwangu kuuliza.

Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutekeleza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, kwa awamu, bidhaa chache zikitangulia na nyingine zikifuata. Umoja wa Forodha ulikuwa umeanza tangu Januari 2005, lakini kwa miaka yote hiyo kila nchi iliendelea kumaliza hesabu zake mlangoni pake. Utaratibu mpya uliuhamisha mlango. Tamko la mzigo wa Uganda sasa huandikwa, na kodi hulipwa, wakati kontena lingali Mombasa. Mifumo ya mamlaka za mapato za nchi hizi mbili hupashana habari, na maofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda wenyewe wakapelekwa kufanya kazi huko bandarini. Lori linapofika Malaba huwa limekwisha kulipiwa, na kinachobaki ni kuthibitisha kwamba ndilo lenyewe na kuliruhusu lipite. Ilitangazwa kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala, ambayo ilikuwa ikichukua hadi siku 18, imeshuka hadi siku 4 hivi. Kwa mfanyabiashara, kwa mlaji na kwa nchi hilo ni jambo jema, na sijawahi kulipinga. Hata hivyo mtu anaweza kukubali kwa dhati kwamba jambo ni jema kwa nchi na bado akaiona meza yake ikiwa tupu saa nne asubuhi.

Ofisi ndogo za mawakala zilifungwa moja baada ya nyingine. Wenzangu wenye mtaji walihamia Mombasa, kwa kuwa mawakala wa Uganda waliruhusiwa kufanya kazi huko. Wengine walinunua pikipiki na kuingia kwenye bodaboda, wengine wakarudi kulima. Kwangu mimi kuhama hakukuwezekana: nilikuwa na mama mzazi mgonjwa aliyenitegemea, na watoto walikuwa shuleni Tororo. Ninalitaja hili kwa makusudi, maana wahimizaji wa mabadiliko huzungumza kana kwamba kila mtu anaweza kuamka asubuhi, akafunga mlango na kuondoka. Wengi wetu hubadilika tukiwa papo hapo tulipo, huku tunawalea na kuwauguza watu wetu, na mabadiliko ya namna hiyo yanastahili kuzungumzwa kwa heshima ileile.

Katika kipindi hicho nilimkumbuka sana marehemu baba. Alikuwa fundi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki hapa Tororo, na ndiyo sababu lugha iliyotulea, katika nyumba za reli zilizokusanya watu wa makabila na nchi mbalimbali, ilikuwa Kiswahili. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 nilikuwa mtoto mdogo wa shule ya msingi. Ninachokikumbuka ni majirani zetu Wakenya wakifunga mizigo, na baba akiwasaidia kukaza kamba bila kusema neno. Shirika liligawanywa, na katika miaka iliyofuata mshahara wake ulizidi kukosa thamani hadi ukawa hautoshi hata sukari ya mwezi. Baba alikichukua alichokijua, yaani kukisikiliza chuma kinachozunguka na kutambua kimechakaa wapi, akakipeleka kwenye mashine za kusaga mahindi. Hakuna aliyemfundisha mashine hizo. Alizikuta zina beringi, mikanda na shafti, vitu ambavyo alikuwa amevishika kila siku karakanani, na watu wa vijijini wakaanza kumfuata kwa baiskeli kila mashine zao zilipokwama. Alivua sare ya reli, jambo lililomuuma hadi mwisho wa maisha yake, lakini sikio lake hakulivua.

Nilimfuata yeye. Nilikaa chini na daftari nikaandika kila ninachokijua kuhusu kazi yangu, hata mambo madogo ambayo mtu haoni haya kuyaita ujanja wa mpakani, kisha nikajiuliza kwa kila moja kama bado lina kazi. Ujuzi wa foleni ya benki ulikuwa umekufa. Ujuzi wa tabia za maofisa ulikuwa umekufa pia, na kwa maoni yangu ni vema ulikufa, kwa kuwa mzigo wa mtu haupaswi kutegemea nani anamjua nani. Kilichokuwa hai ni ujuzi wa bidhaa zenyewe. Kila bidhaa inayovuka mpaka hupewa namba katika mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, nasi Afrika Mashariki huongeza mbili zikawa nane. Namba hiyo ndiyo inayoamua kiwango cha ushuru. Ikiandikwa isiyo yake, mwenye mzigo hutozwa zaidi ya haki, au hutozwa pungufu na baadaye kudaiwa pamoja na adhabu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya makontena kwa miaka, nikiona vitu vikitolewa ndani ya maboksi na kupimwa. Nilijua tofauti ya kitambaa kilichofumwa na kilichosukwa kwa kukigusa tu.

Ujuzi huo, hata hivyo, sasa ulipaswa kupita kwenye kompyuta. Mfumo wa ASYCUDA, uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ulikuwa umekuwapo Uganda kwa muda mrefu, lakini sisi wa kizazi changu tulizoea kujaza karatasi na kuwapa vijana waziingize. Maadamu tulikuwa tunaletewa bahasha, mgawanyo huo ulitufaa. Bahasha zilipokoma, aliyebaki na kazi ni yule mwenye vidole kwenye kibodi. Niliwahi kuhudhuria mafunzo mahali fulani, na mkufunzi alianza kwa kutuonyesha kompyuta inavyowashwa na akaendelea hivyo hadi jioni, bila kumuuliza hata mmoja wetu amefanya kazi gani maishani. Niliondoka nikiwa nimechoka, na sikurudi. Badala yake nilimwendea kijana aliyekuwa ameajiriwa ofisini kwangu kubeba karatasi, ambaye alikuwa amesomea kompyuta, nikamwomba anifundishe.

Hapo ndipo nilipokutana na ugumu wenyewe, na haukuwa kwenye kompyuta. Ulikuwa kwenye mpangilio wa viti. Kijana yule alikuwa amezoea kusimama ninapoingia ofisini. Sasa mimi nilikaa, naye akasimama nyuma yangu na kuelekeza kwa kalamu juu ya bega langu. Katika malezi yetu mtoto hamsahihishi mtu mzima waziwazi, na yeye alilelewa vizuri. Nilimwambia, "Mwanangu, saa hizi mbili za asubuhi usiniombe samahani. Nikikosea, niambie nimekosea." Akaitikia, "Sawa, mama." Lakini kwa muda mrefu hakuweza. Nilipoandika thamani mahali pa uzito, aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, labda tujaribu tena pale juu." Nilitambua kwamba tulikuwa wawili tuliotakiwa kubadilika katika chumba kile, na kwamba mabadiliko yake yalikuwa makubwa kuliko yangu, kwa sababu mimi nilikuwa ninajifunza mashine, naye alikuwa anajifunza kunitazama usoni na kuniambia hapana.

Somo letu lilibadilika siku ulipoletwa mzigo wa taa za sola. Ankara ilisema ni taa, bila maelezo mengine, naye akaanza kuandika namba inayoanza na 9405, ambako huingizwa taa za kufungwa katika majengo.

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Betri yake iko wapi?"

"Sijui, mama. Ankara haisemi."

"Basi tusiandike kitu ambacho hatujakiona."

Tulimpigia simu mwenye mzigo, akatutumia picha ya boksi moja likiwa wazi. Zilikuwa taa za kubebwa mkononi, betri yake ikiwa ndani, na taa ya namna hiyo, inayobeba chanzo chake cha umeme, ina mahali pake tofauti, kwenye 8513. Kijana aliifuta namba aliyoiandika, kisha akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakaa pembeni yangu, akafungua daftari lake mwenyewe. "Mama, na zile zenye paneli mbali na taa?" akauliza. Kuanzia siku hiyo tulikaa hivyo, viti viwili mbele ya kioo kimoja, yeye akinionyesha mahali pa kubonyeza nami nikimwonyesha cha kuuliza kabla ya kubonyeza. Samahani zake zilikoma zenyewe.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, lakini kazi ya matamko peke yake haikutosha kulisha nyumba mbili, yangu na ya kijana. Nilipata nafasi nyingine ambayo kwangu ilikuwa ngumu kuliko kompyuta. Kikundi kimoja cha wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwaeleza taratibu za forodha kwa lugha wanayoielewa wote, na kwa kuwa hapa mpakani Mteso, Mjapadhola, Msamia na Mganda hukutana katika Kiswahili, wakaniomba mimi. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa karatasi. Hata kanisani sikuwahi kusimama kusoma somo. Nilikubali kwa sababu ya ada ya watoto, na sioni aibu kusema hivyo. Watu wengi hutoka katika mazoea yao kwa kusukumwa na ada, na hatua yao si ndogo kwa sababu hiyo.

Nilichotakiwa kuwaeleza ni utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya: bidhaa iliyozalishwa katika nchi wanachama, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa hapohapo mpakani. Mahindi, maharage, mukene (yaani dagaa wa ziwani) na mayai, yaani vitu wanavyobeba kila siku, vyote vinaweza kunufaika. Pamoja na hayo wengi walikuwa wakipita njia za panya, wakivuka mto gunia likiwa kichwani, hata miezi ya mvua maji yanapofika kifuani, na huko walinyang'anywa mali, walidaiwa hongo na wengine kutendewa mabaya ambayo sitayaandika. Siku ya kwanza nilisimama sokoni na maelezo yangu yaliyopangwa vizuri, nikayasoma hadi mwisho. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja wa kike, muuza mahindi, akasimama akasema, "Binti yangu, miaka yote tumekuona umekaa upande wa serikali. Leo unatuambia mlango ule mkubwa ni wetu pia?"

Sikuwa na jibu la maneno. Nilimwomba tu tuongozane. Tulichukua gunia la maharage la mwenzake aliyekuwa anakwenda Kenya asubuhi ileile, tukaingia pamoja katika jengo la huduma za mpakani, na wengine wakatufuata hadi mlangoni wakasimama kuangalia. Ofisa aliuliza bidhaa ni nini, imelimwa wapi na thamani yake ni kiasi gani. Akaandika, akagonga muhuri. Yule mwenye maharage aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisoma taratibu huku akifuatisha mistari kwa kidole, akauliza kama anaweza kuirudisha nyumbani kuwaonyesha watoto. Aliambiwa asubiri hadi atakapovuka. Baada ya siku ile niliacha kuhutubia. Nilijua sitakuwa msemaji wa jukwaani, na kwamba sikulazimika kuwa. Kuongozana na mtu kuelekea dirishani ni jambo nililokuwa nimelifanya maisha yangu yote.

Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka kwa watu na kuiacha wazi kwa mizigo tu, akina mama hawa hawakuweza tena kuvuka kwa miguu. Walijifunza kuunganisha magunia yao katika lori moja na kugawana gharama. Kipindi hicho kilikuwa kichungu na wapo waliopoteza mtaji wote, lakini kwa kuwa walishakaa pamoja, kikundi kilikuwa imara pale lilipokuja jambo lililofuata.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: wafanyabiashara wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumu hii hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, hasa iliyoanikwa chini kwenye udongo au kuwekwa ghalani ingali na unyevu. Haionekani kwa macho wala haiondolewi na moto wa kupikia, na huharibu ini. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 huko Ukambani nchini Kenya. Kwa hiyo sharti lile halikuwa la kuonea mtu. Lakini kwa akina mama wetu lilikuwa na maana kwamba ujuzi wa maisha yao yote umeambiwa hautoshi, nami niliwatazama nikaliona lile lile lililonipata mwaka 2014.

Muuza mahindi mzoefu wa huku hupima ukavu kwa jino. Huchukua punje, huing'ata, husikiliza inavyokatika, na huamua bei hapohapo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kikundi kilikuwa kimepata kipima unyevu kidogo, cha kushikwa mkononi. Yule mzee aliyenihoji sokoni aling'ata punje kutoka gunia lake akasema limekauka. Kipima kikaonyesha 15 na ushei. Alinitazama bila hasira akasema, "Mashine yako haijui mahindi. Jino hili limeuza mahindi tangu wakati wa Amin." Kulikuwa na vijana wawili wa kike pale walioanza kumweleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi, kwa sauti ile ya kumwelewesha mtu asiyejua. Niliwaomba wanyamaze, kwa kuwa niliikumbuka sauti ya mkufunzi aliyetuonyesha jinsi ya kuwasha kompyuta.

Tulichukua makopo ya mahindi kutoka magunia mbalimbali, tukayapanga mezani bila kuyaandika chochote. Nilimwomba mzee ang'ate punje za kila kopo na ayapange kutoka kavu kabisa hadi lenye maji zaidi. Alifanya kazi hiyo kwa utulivu, akisukutua kinywa kati ya kopo na kopo, akirudia mawili yaliyomtatiza. Kisha tukapima kwa kifaa. Mpangilio wake ulikuwa sahihi wote. Jino lilijua mahindi. Ila mahali lilipoweka mpaka wa "kavu" palikuwa pamewekwa na wanunuzi wa zamani, ambao hawakuulizia habari za sumukuvu. Tulirudi kwenye kopo lililosoma 13 na kitu, akaling'ata tena na tena hadi akasema ameshika mlio wake. "Basi tulikuwa tunauza mapema," alisema. Ni yeye ambaye sasa huzunguka vijijini na akina mama wengine, akifundisha kuanika juu ya turubai, kuchambua punje zilizooza kabla ya kupukuchua, na kung'ata hadi usikie mlio huo, kwa sababu kifaa ni kimoja na vijiji ni vingi. Kipima hutumika mwishoni, kabla ya kupeleka sampuli maabara.

Si wote walioweza. Turubai ni fedha, kipimo cha maabara ni fedha, na mwenye magunia mawili hana mahali pa kuanika kwa siku za ziada mvua ikinyesha. Wapo walioacha mahindi wakaingia kwenye mitumba au kupika chapati, na wapo waliorudi njia za panya. Nasikia uchungu ninapowaona, na sikubali wanaposemwa kwamba hawataki mabadiliko. Mtu anayeambiwa abadilike anapaswa kupewa pia nafasi ya kuonyesha anachokijua, na kusaidiwa gharama ya kile asichokuwa nacho. Pale ambapo mambo hayo mawili yalikuwapo, nimeona watu wenye umri wa kuwa bibi wakijifunza kwa kasi iliyowashangaza wajukuu zao.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na tangu hapo maswali ninayoulizwa na wafanyabiashara yameanza kuelekea magharibi. Kikundi cha wanawake wa mpakani Mpondwe, wilayani Kasese, kimeniomba niende kukaa nao kwa muda, tuanze kazi kama tuliyoifanya Malaba. Mama yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki, watoto wanajitegemea, na safari hii ninaweza kuhama. Hati nyingi za upande wa pili zimeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo siijui, kwa hiyo jioni ninafundishwa maneno ya kwenye hati na mwalimu kijana wa shule ya sekondari, ambaye naye nimemweleza mapema kwamba asiniombe samahani. Bidhaa za huko nimeanza kuziandika kwenye daftari jipya: mafuta ya mawese, mchele, kakao, samaki wa Ziwa Edward. Baadhi ninazijua kwa namba zake, baadhi bado.

Kijana wangu wa Malaba, ambaye sasa ana leseni na mke, atabaki na ofisi. Tumekubaliana kwamba matamko yote atayasaini yeye, na kwamba atanipigia simu pale tu bidhaa inapomtatiza. Wiki iliyopita nilimkabidhi funguo na kitabu cha ushuru chenye maandishi yangu pembeni mwa kurasa. Chumba cha kupanga nimekwisha kukipata Bwera, si mbali na mpaka, na mwenyekiti wa kikundi cha huko amenitumia ujumbe akiuliza kama nitahitaji meza. Nimemjibu kwamba viti viwili vitatosha kwa kuanzia, na meza tutaitafuta pamoja nikifika.